Kigeuze kabla hujakilipia: mwongozo wa kuchagua na kutengeneza vyombo vya umeme vya nyumbani

Mashine yangu ya kwanza ya kufulia iliuawa na beringi mbili. Ilianza na mlio mdogo wakati wa kukamua, kama kokoto inayoviringika ndani ya debe. Baada ya miezi michache ikawa inanguruma hadi watu wa chumba cha pili wanapaza sauti ili wasikilizane. Sikuogopa. Beringi ni kitu cha kawaida, namba yake imechongwa ubavuni, na haina bei ya kutisha. Nikafungua mfuniko, nikatoa mkanda, mota na mawe ya zege yanayotuliza mtikisiko, nikalitoa pipa lenyewe. Hapo ndipo nilipokwama. Pipa lile la plastiki, ambalo lilipaswa kugawanyika katikati, halikuwa na skrubu hata moja. Kiwandani walikuwa wameyeyusha kingo zake na kuzishikamanisha, likawa kitu kimoja. Ili nizifikie beringi ningelazimika kulikata kwa msumeno, au kununua pipa zima kwa bei iliyokaribia ya mashine mpya.

Tangu siku ile sinunui kifaa kwa kutazama kinavyofanya kazi. Dukani vyote vinafanya kazi. Natazama kitakavyoharibika, na siku hiyo ikifika nitaingilia wapi.

Anza kwa kujua ugonjwa wake

Kila aina ya chombo ina ugonjwa unaoirudia. Pasi hukatika waya pale unapoingilia kwenye mpini, kwa sababu hapo ndipo unaposokotwa kila siku. Feni hukauka bushi (pete zinazoshika shafti ya mota) au huchoka kapasita (kidude cha kuhifadhi chaji kinachoisaidia mota kuanza). Blenda huisha meno ya kile kikombe cha mpira kinachounganisha mota na jagi, au huvujisha maji chini ya visu. Birika la umeme huharibika swichi, au huvaa ukoko mweupe wa chokaa hadi likawa linajizima kabla ya kuchemsha. Mashine ya kufulia ni pampu, kaboni za mota (vipande vya makaa vinavyoipelekea umeme) na beringi. Friji ni rilei (swichi ndogo) ya kuwashia kompresa, yaani pampu ya gesi, themostati (swichi inayofuata joto) na mpira wa mlango. Kwa friji zisizoganda barafu, ongeza feni ya ndani na hita ya kuyeyushia.

Ukiisoma tena orodha hiyo utaona kwamba karibu kila kinachoharibika ni kidogo na cha bei nafuu. Kompresa, mota na pipa, yaani vile vitu vizito unavyodhani ndivyo unavyolipia, mara nyingi huwa vizima siku chombo kinapotupwa. Kwa hiyo maswali ya kwenda nayo dukani ni haya: kile kipande kidogo kinatoka peke yake? Kinauzwa peke yake? Naweza kukifikia kwa bisibisi?

Ufaransa waliyafanya maswali kama hayo kuwa sheria. Kuanzia Januari 2021, baadhi ya bidhaa, zikiwemo mashine za kufulia za mlango wa mbele, zilitakiwa kubandikwa alama kati ya 0 na 10 ya urahisi wa kutengenezeka. Alama hiyo hutazama maelekezo ya ufundi, ugumu wa kufungua, upatikanaji wa spea na bei ya spea hizo, pamoja na kigezo kimoja kinachohusu aina ya bidhaa. Umoja wa Ulaya nao, tangu Machi 2021, unawataka watengenezaji wa mashine za kufulia wahakikishe spea muhimu zinapatikana kwa angalau miaka 10 baada ya kifaa cha mwisho cha modeli husika kuingia sokoni, na za friji miaka 7. Hata kama huishi huko, modeli nyingi huuzwa dunia nzima. Andika namba ya modeli kwenye intaneti uone kama ina alama.

Dukani: chini ndiko kuliko na ukweli

Muuzaji atakuonyesha rangi, taa na vitufe. Mwache amalize, kisha mwombe ukipindue kifaa chini juu.

Tafuta skrubu. Skrubu za nyota za kawaida ni habari njema. Skrubu zenye kichwa cha ajabu, kama pembetatu, ni usumbufu tu, maana ncha yake unaweza kuinunua. Kibaya ni pale usipoona skrubu kabisa na plastiki imeunganishwa kwa gundi au kwa joto. Usisahau kuchungulia chini ya vile vibandiko vya mpira vya miguu, wanapenda kuzificha humo.

Kisha shika waya pale unapoingia kwenye kifaa. Panatakiwa pawe na shingo ya mpira, ndefu, inayopinda taratibu. Shingo ngumu au fupi itakata waya mapema, na waya unaoingia tundu tupu bila shingo yoyote usiulizie hata bei.

Soma kibao cha maelezo. Kwa blenda na mashine za kusaga, angalia kama kuna herufi KB na dakika mbele yake, mfano KB 1 min. Hiyo ina maana mota imeundwa kufanya kazi mfululizo kwa dakika moja tu, kisha ipumzike. Blenda nyingi huungua kwa sababu mwenyewe hakuwahi kuisoma alama hiyo, na harufu ya mota inayoungua haisahauliki. Kama kazi zako ni za dakika tano tano, tafuta yenye muda mrefu zaidi au isiyo na kikomo hicho.

Halafu piga picha namba ya modeli na, kabla ya kulipa, tafuta spea kwa namba hiyohiyo: pampu, mpira wa mlango, seti ya beringi, kikombe cha blenda. Kwa mashine ya kufulia, tafuta hasa picha za pipa. Ukiliona linauzwa kwa nusu mbili na skrubu zimelizunguka, umepata. Ukiletewa matangazo ya mashine nzima tu na hakuna hata kipande kimoja, jibu unalo.

Kuhusu bodi za kielektroniki, msimamo wangu ni huu. Kila kitufe cha kugusa kina bodi nyuma yake, na bodi iliyokaa karibu na mvuke, joto au maji haina raha. Kwa birika, pasi na jiko, nachukua kitufe cha kuzungusha bila kufikiria mara mbili. Kwenye friji mambo yanabadilika. Kompresa ya inveta, ambayo kasi yake huongozwa na bodi, huanza polepole, haina kelele na hula umeme kidogo, faida ambazo si za kubeza. Ila bodi yake huchukia umeme unaoruka. Ukiinunua, nunua siku hiyohiyo kifaa cha kuilinda, kinachokata umeme ukishuka au ukipanda kupita kiasi na kusubiri dakika chache kabla ya kuurudisha. Hata kompresa ya kawaida inahitaji kusubiri huko: ikizimwa, shinikizo la gesi huchukua kama dakika tatu hadi tano kusawazika. Umeme ukirudi kabla ya hapo, mota hujaribu kuanza huku imekabwa, na umeme mdogo huizidishia mateso.

Ukinunua kilichotumika

Friji iliyotumika ikute imezimwa, uisikie inavyowaka. Mwambie muuzaji hivyo mapema, na ukifika ukaikuta inanguruma, subiri. Kompresa nzima huanza mara moja kwa mlio wa chini. Inayotoa "tik", ikanguruma sekunde chache, ikatoa "tik" tena na kunyamaza ina tatizo. Iache ifanye kazi kwa muda, kisha tazama sehemu ya kugandishia. Barafu ikitanda sawasawa, vizuri. Ikikaa kona moja tu huku kwingine kukiwa kukavu, mara nyingi gesi imepungua, na gesi haiishi kwa kutumika. Kuna mahali inavuja. Kama tundu liko ndani ya ukuta wa friji, kwenye sponji, achana nayo hata kwa bei ya bure.

Kwa mashine ya kufulia, fungua mlango, ingiza mkono, sukuma pipa la ndani juu na chini. Likicheza peke yake bila pipa la nje kwenda nalo, beringi zimekwisha. Lizungushe kwa mkono huku umetega sikio: mchakacho kama wa mchanga una maana ileile.

Wiki za mwanzo

Wanaochunguza uharibifu wa mitambo huchora mstari wenye umbo la beseni. Ukingo wa kwanza uko juu, kwa sababu vyenye kasoro za kiwandani hufa mapema. Kati ni tambarare. Mwishoni unapanda tena kwa uchakavu. Basi kifaa kipya usikiweke kabatini kusubiri wageni. Kitumie kwa nguvu muda wa dhamana ungali unahesabika, ili kama kina kasoro kife mikononi mwa aliyekuuzia. Risiti ipige picha, maana karatasi zile za joto hufifia zikabaki nyeupe.

Mashine ya kufulia huja na bolti za safari nyuma, zinazolibana pipa lisicheze. Zitoe kabla ya kuiwasha, la sivyo itaruka chumba kizima ikikamua, kisha zihifadhi kwa siku ya kuhama. Friji iliyolazwa njiani isimamishe kwa saa kadhaa kabla ya kuichomeka, ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake.

Kabla ya kushika bisibisi

Huhitaji karakana. Bisibisi za saizi mbili tatu, koleo, multimita (kipimo cha umeme) ya bei ya kawaida, mafuta mepesi ya mashine na simu ya kupigia picha kila hatua. Picha ndiyo kumbukumbu yako. Nimewahi kujiamini kwamba nyaya nne nitazikumbuka, nikapoteza jioni nzima.

Chomoa plagi. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi. Chomoa, na plagi uiweke mahali unapoiona.

Kuna vitu viwili ambavyo sivifungui na nakuomba nawe usivifungue. Cha kwanza ni maikrowevu. Ndani yake kuna kapasita ya volti nyingi mno inayoweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa, na inaua. Kile kipande chembamba cha mika, cha kahawia kama karatasi ngumu, kilicho ubavuni ndani, kinachocheza cheche kikishika mafuta, unaweza kukibadilisha bila kufungua ganda. Zaidi ya hapo mwite fundi anayeijua kazi hiyo. Cha pili ni mfumo wa gesi wa friji. Friji nyingi za siku hizi hutumia R600a, ambayo ni gesi inayowaka moto, na kibandiko kwenye kompresa kitakuonyesha. Moto wa kuchomelea usisogee hapo.

Tafuta kosa kutoka nje kwenda ndani

Chombo kisipowaka kabisa, anza na soketi: chomeka kitu kingine unachojua ni kizima. Kisha fyuzi ya plagi, kama plagi yako inayo. Kisha waya. Kisha swichi. Moyo wa kifaa uwe wa mwisho. Wengi huanzia moyoni, na wanaufungua bure.

Tuchukue pasi ya wati 1,200 isiyotoa joto wala taa. Imechomolewa, themostati imezungushwa hadi juu. Weka multimita kwenye omu (kipimo cha ukinzani), ncha moja kwenye pini moja ya plagi, ya pili kwenye nyingine, ukiiacha ile ya ardhini. Kipimo unachotarajia unaweza kukipiga mwenyewe: volti mara volti, gawa kwa wati. Kwa umeme wa volti 230, hiyo ni 52,900 gawa kwa 1,200, sawa na omu 44 hivi. Birika la wati 2,000 litakupa kama 26. Ukipata namba iliyo karibu na hiyo, pasi ni nzima na kosa liko kwenye soketi. Usipopata kitu, usiitoe multimita. Shika waya pale shingoni uupinde huku na huku. Namba ikitokea na kupotea, umeshamkamata mhalifu: waya umekatika ndani ya mpira. Fungua nyuma ya mpini, kata sentimita kumi hivi zilizochoka, rudisha shingo, funga upya kila rangi ilipokuwa.

Namba isipotokea hata kwa kupinda, fungua na upime kipande kimoja kimoja: waya, themostati, fyuzi ya joto, elementi (sehemu inayotoa joto). Fyuzi ya joto ni kile kidude chembamba, mara nyingi kimevalishwa soksi inayovumilia joto. Ikikatika, weka yenye nyuzi joto zilezile zilizoandikwa juu yake, na uibane kwa kiunganishi badala ya kuilehemu, kwani joto la kulehemu lenyewe linaweza kuikata. Usiruke fyuzi hiyo kwa kipande cha waya. Nimeona pasi iliyorukwa fyuzi. Sahani yake ya alumini ilikuwa imeanza kulegea kama nta.

Magonjwa ya kila siku na dawa zake

Feni inayonguruma bila kuzunguka: ichomoe, zungusha pangaboi kwa kidole. Likisimama upesi, bushi zimekauka. Safisha vumbi na nywele kwenye shafti, tia matone mawili ya mafuta ya mashine kila upande. Mafuta ya kupikia hapana, yanageuka gundi. Pangaboi likizunguka kwa uhuru lakini feni ikagoma kuanza hadi uisukume, ni kapasita. Nunua yenye maikrofaradi zilezile, na volti zilezile au zaidi.

Mashine ya kufulia isiyotoa maji: fungua kimlango kidogo cha chini mbele, weka beseni bapa na matambara, legeza kichujio polepole. Humo utakuta sarafu, vibanio vya nywele na soksi ya mtoto iliyotafutwa mwezi mzima. Kabla ya kufunga, ingiza kidole uguse pangaboi la pampu. Likizunguka kwa kurukaruka kidogo usishtuke, ni sumaku iliyo ndani. Likigoma kabisa, kuna kitu kimenasa. Mota ikiwa dhaifu, ikatoa cheche nyingi kisha ikasimama, tazama kaboni. Zikibaki chini ya sentimita moja hivi, badilisha zote mbili kwa pamoja.

Birika lenye ukoko: siki na maji nusu kwa nusu, pasha moto kidogo, acha saa moja, mwaga, chemsha maji matupu mara mbili. Lisipojizima maji yakichemka, hakikisha kwanza mfuniko unafunga. Mvuke ndio unaoisukuma swichi, na ukitokea juu haufiki kwenye swichi.

Friji isiyopoa vizuri, kabla ya kumwita mtu, ifanyie mambo matatu. Bana karatasi kwenye mlango na uivute, ukizunguka pande zote nne. Ikitoka bila kushikwa, mpira umelegea: uoshe kwa maji ya sabuni, na pakibaki pamelegea palainishe kwa joto la kikausha nywele. Safisha vumbi kwenye mabomba ya nyuma. Hakikisha imepata nafasi ya kupumua. Maji yakijikusanya chini ya droo za mboga, kitundu cha kutolea maji nyuma ndani kimeziba. Kizibue kwa maji ya vuguvugu na kijiti laini. Barafu usiichokoe kwa kisu hata mara moja. Kisu kikitoboa alumini ile, gesi inatoka na habari ya friji imekwisha.

Ile friji ya "tik" nayo mara nyingi inatibika. Chomoa, ondoa kiboksi kidogo ubavuni mwa kompresa, toa rilei uitikise sikioni. Ikicheza kama njuga, imevunjika ndani, weka nyingine ya aina ileile. Isipocheza, pima pini tatu za kompresa, mbili mbili. Katika kompresa ya kawaida, kipimo kikubwa kinapaswa kulingana na jumla ya vile viwili vidogo. Ya inveta hutoa vitatu vilivyo sawa. Pini yoyote ikionyesha mawasiliano na bati la kompresa, yaani multimita ikatoa namba kati yake na bati, kompresa imeungua. Hapo weka bisibisi chini, piga hesabu ya kompresa pamoja na gesi na kazi, na kama friji ni ya miaka mingi, iache iende.

Ukimpelekea fundi

Mwambie dalili, usimwambie ugonjwa. "Inanguruma sekunde tano kisha inazima" inamsaidia kuliko "kompresa imekufa", ambayo pengine itakufanya ulipie kompresa usiyoihitaji. Kisha mwambie mapema, kwa heshima: "Fundi, spea ya zamani naomba unirudishie." Fundi mzuri hakasiriki.

Kabla ya kukichomeka tena

Ukishafunga skrubu zote (na ikibaki moja mezani, fungua tena), pima mara ya mwisho. Kila pini ya umeme na bati la nje: pasiwe na mawasiliano. Pini ya ardhini na bati la nje, kwa kifaa chenye waya wa ardhini: yawepo, tena karibu na omu sifuri. Vipimo vikikubali, chomeka, washa ukiwa umesimama pembeni, kaa nacho dakika kumi ukinusa na kusikiliza. Kisha chukua kipande cha gundi ya karatasi, andika tarehe, ulichobadilisha na namba ya spea, ukibandike kwa nyuma.